Kikombe cha Bi Zume

Siku hizi kila mtu ana kikombe chake cha chai, kinachopima mtetemeko wa mkono wake na kuupeleka kwa watu wa sensa. Ukivuka kipimo, huruhusiwi kubeba mtoto mchanga.

Mikono ya mama yangu, Bi Zume, hutetemeka. Kwa hiyo tangu nipate mimba, kila asubuhi nimekuwa nikinywa chai katika kikombe changu, kisha katika chake, ili aje ampakate mjukuu wake.

Jana mwanangu alitoka arobaini. Leo mtu wa sensa kabisha hodi, nimempakata mtoto, mama yuko kando yangu.

"Vikombe vyote viwili vinatetemeka," alisema.

"Haiwezekani!" nilimaka.

"Cha bibi hakitushangazi. Wa umri wake wenye hali hiyo ni wengi. Lakini wewe, dada, una miaka ishirini na tisa tu. Hebu mlaze mtoto mkekani, taratibu."

Vyote viwili nilivinywea mimi.

Mama alielewa kabla yangu. Alininyooshea mikono ampokee mtoto, ikitetemeka mbele ya mgeni.

"Na wewe, bibi," alisema yule mtu, "ishushe mikono hiyo."