Mgeni Hagongi

Kalamu ya Urmila ilikuwa imeshagusa fomu ya kuukana uraia wa Kenya wakati sufuria zilipoanza kulia upande wa ziwani. Nyawawa walikuwa wanapita, na hapa Kisumu pepo hao hufukuzwa kwa kelele, nyumba hadi nyumba.

"Saini, Mama," mwanawe alinong'ona. "Umesahau watu wa hapa walivyopora duka letu?"

Majirani waliojaa sebuleni kumuaga walishaanza kugonga sahani zake.

"Wewe kaa tu, Mama London," jirani mmoja, muuza dagaa wa omena, alimtania. "Mgeni hagongi!"

Wote wakaangua kicheko.

Urmila akakata kamba ya sanduku la safari, akatoa sufuria yake ya dengu, akaigonga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika.

Nyawawa walishapita, na mtaa mzima ulishanyamaza. Yeye alikuwa bado anagonga, kwa ngumi.