Kaburi la Pili

Mchimba makaburi alikuwa amechimba mawili.

Moja lilikuwa mwisho wa mstari, kando ya mlevi aliyejinyonga, kama sheria ilivyotaka: Mkatoliki, Mprotestanti, tajiri au aliyejiua, kila mtu alazwe kwa zamu yake ya kufa. Melchior ndiye aliyeipigania sheria hiyo katika baraza la jimbo miaka tisa, mapadri wakimlaani mimbarini.

La pili lilikuwa chini ya ukuta, ubavuni mwa binti yake, aliyefariki kabla ya sheria hiyo.

"Marehemu mkeo aliniomba mwenyewe, mheshimiwa," mchimbaji alisema. "Alikuja na kipande cha jibini, akaniambia, 'Mume wangu usimwulize. Atakataa, halafu kukataa kwenyewe kutamuua.'"

"Na mjane wa huyu aliyejinyonga? Atasemaje akiona wangu amependelewa?"

"Huyo ndiye aliyenishikia kamba nikipima."

Melchior akainama juu ya kaburi la pili. Udongo wa upande mmoja wa shimo ulikuwa umemomonyoka, na ncha ya ubao wa jeneza dogo ikachungulia. Rangi ya samawati aliyoupaka kwa mkono wake ilikuwa bado haijatoka.

Kengele ikaanza kulia. Jeneza la mkewe lilikuwa linapanda kilima.

Akavua shali ya mkewe aliyojitanda tangu asubuhi, akashuka shimoni, akaifunika ile ncha ya ubao na kuichomekea vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Akapanda juu.

"Lifukie hili," akasema. "Atalala mwisho wa mstari."

Mchimbaji hakusogea. Melchior akamnyang'anya koleo.