Raya Alimrithi Mama

Siku hizi mtu huwa daktari kwa njia mbili. Anaweza kumrithi mzazi aliye daktari: kila kilichomo kichwani mwa mzazi kinanakiliwa kwake, bila kuchagua. Au anatia saini mkataba unaotaja anayopaswa kuyaweza daktari, na namna ya kuyaweza anaitafuta mwenyewe.

Raya alimrithi mama yake, Bi Mize. Mdogo wake, Tumu, alitia saini mkataba, na tangu hapo mama hamsemeshi.

Jumapili moja shangazi yao, Siwema, alibisha hodi akiwa amevunjika mkono. Ndiye aliyewalea watoto hao wakati mama yao alipokuwa masomoni, ingawa Bi Mize hakuwahi kumpenda. Raya alifungua mlango, akabetua midomo.

"Mchawi mkubwa! Nani kakuita hapa?"

"Raya, mwanangu, ni mimi shangazi yako."

"Nakujua. Ndiyo maana nakwambia utoke."

Tumu alimsukuma dada yake kando, akamkalisha shangazi sebuleni, akaunyoosha mkono na kuufunga gango. Ilimchukua muda mrefu, lakini mfupa ulikaa.

"Mama hafungi hivyo," Raya alisema kwa chuki.

"Mkataba unataka mfupa uunge. Hautaki nifanane na mama."

Bi Mize alitokea chumbani. "Tokeni wote wawili," alisema, na Raya akayatamka maneno hayohayo pamoja naye, kwa sauti ileile.

Walipofika barabarani, shangazi alisimama.

"Tumu, yule Raya niliyemlea bado yumo mle kichwani mwake?"

Tumu alimshika mkono mzima, wakaendelea kutembea.