Betri Nne

Siku ya tatu tangu sheria ianze kutumika, Hizza, afisa wa mji, alifika kwa Bi Mwanate akiwa na sanduku la njano lenye mfuniko. Kila nyumba ilitakiwa kukabidhi betri zilizokwisha, sumu yake isije ikaingia ardhini.

Bi Mwanate alimpa kigoda, akachota maji kisimani, akamletea glasi. Kisha akaingia ndani, akatoka na betri nne za redio.

"Ni hizi tu, mwanangu. Nimezianika juani wiki nzima, zimekataa."

Hizza alizitumbukiza sandukuni. Jua lilikuwa kali. Akanywa maji hadi nusu ya glasi.

"Na za zamani, mama? Umekaa hapa muda mrefu."

"Miaka thelathini na moja. Hizo nilikuwa nazitupa chooni. Ndivyo tulivyoambiwa na wakubwa wetu, ukitupa betri shimo halijai upesi. Na kweli, langu halijajaa mpaka leo."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo. Hizza aligeuka akatazama choo cha shimo nyuma ya nyumba, kisha akatazama kisima. Kutoka kimoja hadi kingine zilikuwa hatua kumi, labda kumi na mbili.

Aliiweka glasi chini.

"Mbona humalizi?"

Hizza alitazama tena nyuma ya nyumba. Bi Mwanate aliyafuata macho yake, chooni, kisimani, chooni tena, na fahari ikamtoka usoni. Akainama, akaiokota ile glasi, akaiinua kwenye jua.

Maji yalikuwa maangavu, kama yalivyokuwa siku zote.