Kilichokuja na Lugha ya Ishara

Mwalimu Mwanakheri alipandikiziwa lugha ya ishara kichwani kwa miezi miwili, afundishe darasa la watoto viziwi. Lugha hiyo haifanyi kazi kwa mikono peke yake, kwa hiyo aliwekewa pia uwezo wa kusoma nyuso.

Jioni ya kwanza tu alimtazama mumewe, Shaibu, akaiona hofu. Alipombana, Shaibu akakiri kwamba macho yake yalikuwa yanapoteza nuru, ila hakutaka kumtia wasiwasi. Tangu hapo hawakufichana kitu.

Muda ulipokwisha, fundi wa kituo kilichompandikizia alimweleza, "Lugha ikitoka, vyote vilivyoletwa nayo vinatoka."

"Lakini huu uwezo wa nyuso nauhitaji nyumbani, mwanangu."

"Nakuelewa, mwalimu. Mtambo unauliza tu kama kuna ujuzi mwingine unaotegemea uwezo huo, na wewe huna. Nyumba haihesabiwi."

Alirudi nyumbani akiwa ameshaondolewa vyote viwili. "Shaibu, kuanzia leo itabidi uniambie kwa mdomo."

"Nitakuambia kila kitu," Shaibu akasema, akamshika mkono.

Mwanakheri akamtazama usoni kwa muda mrefu. Mumewe alikuwa anatabasamu. Zaidi ya hapo hakuona kitu.