Picha ya Tisa

Ndani ya ofisi ya kanisa la Methodisti kulikuwa na picha nane ukutani, za wachungaji waliopita. Mchungaji akiwa bado yupo, yake haitundikwi mpaka ahamishwe. Siku hiyo Mchungaji Mwirigi aliingia akamkuta Mama Nkatha, mzee wa kanisa, amepanda kiti anapigilia msumari mpya, fremu ya picha kwapani.

"Na huyo ni nani tena?"

"Haiya, Mchungaji! Kwani barua hujapata?"

"Barua gani?"

Mama Nkatha akaikumbatia fremu. "Basi mimi sijasema kitu."

Mchungaji akaichukua. Ilikuwa sura yake mwenyewe, inacheka. Miaka miwili tu hapa! Na alikuwa amemwahidi mkewe kwamba safari hii hawahami.

"Hata hawa," akauliza, akizitazama zile nane, "walijulia uhamisho wao hapa hapa?"

"Wengine. Huyu wa nne alinishikia nyundo."

Alitamani sana kujua yule wa nne alimwambiaje mkewe. Mara mlango ukafunguliwa. Mkewe alikuwa amesimama pale, mikono imejaa udongo, amebeba mche wa parachichi.

"Baba Kendi, njoo uchague tuupande wapi."

Akaificha picha mgongoni. Mama Nkatha akaanza kuwapangusa vumbi wale wanane, mmoja mmoja.