Sauti Iliyolainishwa

Sisi mafundi wa kompyuta za maktaba tuna sheria: ukimtukana mwenzako kwenye jukwaa la kusaidiana, sauti yako inalainishwa. Kila mtu ana kifaa sikioni, kwa hiyo ukisema maneno makali au ya kutisha watu wanasikia matamu, hata nyumbani kwako.

Mimi nilimwita fundi mwenzangu Mwakio mpumbavu. Alifuta kumbukumbu za mashine kabla ya kunakili orodha ya vitabu, ikapotea yote. Mpaka leo nasema ni mpumbavu.

Mke wangu, Wakesho, aliifurahia adhabu. "Siku hizi unaongea kama bwana harusi," alisema. "Wasikuondolee."

Jana mafuta yalishika moto kwenye kikaango, naye akachota maji. Nikapiga kelele, "Usimwage! Utaungua!"

Akageuka akitabasamu. "Asante, mume wangu," akasema, akainua kopo.

Nililipiga likamtoka mkononi, nikafunika kikaango.

"Kumbe mkono hawajaulainisha," alisema, akijishika kiganja.

Nikamweleza kwamba moto ungemrukia usoni. Sijui kifaa kilimpa maneno gani. Alifuta machozi, akanijibu, "Hata mimi nakupenda, lakini usinipige tena."